Darasa la Tatu Bila Mwalimu: Uchambuzi wa Barua Moja ya Kujieleza

Mwishoni mwa Machi 2024, mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi ya kijijini, mkoani Dodoma, aliandikiwa barua ya kujieleza. Tuhuma zilikuwa mbili. Siku walipofika wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi, darasa lake lilikutwa halina mwalimu. Na daftari lake la maandalio halikuwa na andalio la somo la siku hiyo. Ukiishia hapo, mwalimu huyu ni mtoro na mzembe, na barua ilikuwa haki yake.

Lakini ipo karatasi ya pili. Siku hiyohiyo, kabla ya saa tisa alasiri, mfumo wa Serikali unaopima utendaji kazi wa watumishi ulionesha kwamba ametekeleza majukumu yake ya robo mwaka kwa asilimia 100, na mojawapo ya majukumu hayo ni kuandaa maandalio ya somo. Karatasi ya kwanza inamtuhumu, ya pili inampongeza, na chanzo cha zote mbili ni safari moja ya bodaboda.

Nimeufuatilia mwenendo mzima wa jambo hili kwa sababu mwalimu huyo aliniomba nimsaidie kuandika majibu. Shule, kata na wahusika nawaacha bila majina. Yeye nitamwita Madamu, kama wanafunzi wake wanavyomwita, na mwalimu mkuu nitamwita Mkuu. Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba hakuna hata mmoja aliyetoa agizo la kipuuzi. Kila agizo, ukilitazama peke yake, lina sababu yake. Kilichokosekana ni mtu mwenye kazi ya kuyajumlisha maagizo hayo pale yanapokutana, yaani kwenye mlango wa darasa lenye mwalimu mmoja.

Mwaka wenyewe

Januari 2024 ndipo mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Sera hiyo inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio kundi la kwanza litakaloishia darasa la sita, mwaka 2027, wakimaliza pamoja na kaka na dada zao waliowatangulia kwa mwaka mmoja ambao wao wanaishia la saba. Kwa lugha nyingine, watoto wa Madamu wamepunguziwa mwaka mzima wa kukaa shuleni. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila nikiusoma mjadala wa maandalio na mifumo, naona watu wanasahau kwamba kipindi cha dakika 40 kikipotea kwa watoto hawa, hakuna darasa la saba la kukifidia.

Madamu alikuwa na muhtasari mpya, masomo yenye sura mpya kama Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, Sanaa na Michezo, na vitabu ambavyo shuleni kwake vilikuwa havijafika. Alielekezwa avisome kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kishikwambi anacho, miongoni mwa vile vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Bando ni la mfukoni mwake, na mtandao pale kijijini unapatikana ukitoka nje ya uzio wa shule, upande wa zahanati, tena asubuhi na mapema kabla watu hawajaamka wote.

Darasa lake lina watoto zaidi ya 90. Mwongozo unasema watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Wengi wao nyumbani wanaongea Kigogo, na Kiswahili wamekikuta shuleni. Wapo waliopanda kutoka la pili bila kuzimudu vizuri KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwa hao Madamu alikuwa amejiwekea utaratibu ambao hakuagizwa na mtu: saa nzima kabla ya kengele ya mstari, chini ya ukuta wa darasa wenye kivuli, na kadi za silabi alizokata kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Nilimkuta siku moja na mtoto wa kiume aliyekuwa anasoma neno “mchanga”. Aliisoma “nga” vizuri. Kwenye “mcha” alikwama, akasema “ma-cha”, akaangalia juu, akarudia “ma-cha”. Madamu hakumwambia jibu. Alifunika “changa” kwa kidole, akamwonesha herufi m peke yake, akamwambia afumbe midomo. Mtoto akafumba, akaguna “m”, halafu “cha”. Kazi ile ilichukua dakika nne hivi kwa neno moja na mtoto mmoja, na hakuna mfumo wowote wa kompyuta nchini wenye kisanduku cha kuiandika.

Jumatatu usiku

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la walimu wakuu saa tatu usiku. Robo ya tatu ya mwaka wa fedha ilikuwa inakwisha, na watumishi wote walitakiwa wawe wamejaza utekelezaji wao kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji, ifikapo Jumatano saa sita mchana. Chini yake palikuwa na orodha ya shule na asilimia zake. Shule ya Mkuu ilikuwa karibu na mkiani, na jina lake lilikuwa kwenye rangi nyekundu.

PEPMIS ilichukua nafasi ya OPRAS, upimaji wa zamani wa makaratasi. Mtumishi anaingia kupitia akaunti yake ya ESS, mfumo wa huduma za mtumishi mtandaoni, kwa cheki namba (namba yake ya utumishi) na nywila, anaweka majukumu, anayagawa katika kazi ndogondogo, msimamizi wake anayaidhinisha, halafu mtumishi anarudi kuripoti alichotekeleza na msimamizi anampima. Kusudio lake nalielewa na naliunga mkono. Enzi za OPRAS fomu zilikuwa zinajazwa mara moja kwa mwaka, zinagongwa muhuri na kuwekwa kabatini, na mwalimu hodari alipanda daraja sawa na asiyeingia darasani. Mwenye kusema mfumo huu haukuwa na sababu ya kuletwa hajakaa ofisi ya walimu akaona jinsi utoro wa wachache unavyowaelemea wengine.

Tatizo lilikuwa muda wa kuujaza na mahali pa kuujazia. Mkuu aliwaagiza Madamu na walimu wengine wawili kwa mdomo: nendeni senta kesho, mkimaliza mrudi. Yeye mwenyewe Jumanne alikuwa na safari ya halmashauri kwa ajili ya hesabu za shule kwenye FFARS, mfumo wa fedha za vituo vya huduma. Shule nyingi za msingi hazina mhasibu wala karani. Mwalimu mkuu ndiye mhasibu, ndiye afisa ununuzi kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, ndiye mwingizaji wa takwimu kwenye mfumo wa taarifa za shule, ndiye msajili wa watahiniwa, na kwa huyu Mkuu, ndiye pia mwalimu wa Hisabati wa darasa la saba.

Jumanne

Senta iko kwenye barabara ya lami. Kwenye stesheneri kulikuwa na walimu wa shule kadhaa wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Kijana wa pale ana kompyuta moja na simu anayoitumia kurusha intaneti. Ana pia faili lenye majukumu ya “mwalimu wa shule ya msingi” yaliyoandikwa tayari, mengine yakiwa na makosa ya tahajia ambayo nimeyakuta yaleyale kwenye akaunti za walimu wa shule tofauti. Unampa cheki namba, unampa nywila, unampa shilingi 5,000, ananakili na kubandika. Idadi za utekelezaji anaziweka zilingane na malengo, kwa sababu ukiweka pungufu mfumo unadai maelezo, na maelezo yanachukua muda, na foleni ni ndefu.

Hapa inabidi nisimame kidogo. Akaunti ile ya ESS ndiyo mwalimu anayoombea likizo, uhamisho na hata mikopo. Walimu wa tarafa nzima wamekabidhi funguo zake kwa kijana ambaye, namshukuru Mungu, ni mwaminifu. Sina neno naye; amefungua kazi penye uhitaji. Lakini taasisi inayodai kujazwa kwa mfumo ndani ya saa arobaini, mahali pasipo na mtandao, imeshaamua kwamba nywila zitatoka mikononi mwa wenyewe, hata kama haikuliandika hilo popote.

Shuleni, walimu waliobaki waligawana madarasa. Darasa la tatu walimwachia kiranja anakili ubaoni zoezi la Sayansi, na mwalimu wa darasa la nne akawa anachungulia. Saa nne kasoro wathibiti ubora wakaingia getini. Hawakuwa wametoa taarifa, na hawatakiwi kuitoa kila mara.

Nimezungumza na mmoja wao baadaye na ninamheshimu kwa jinsi alivyofanya kazi. Hakuishia kuangalia makabati. Aliingia darasa la tatu, akachukua kitabu, akawaita watoto mmoja mmoja wasome. Wengine walisoma, wengine walikwama kwenye sentensi ya kwanza. Halafu akaomba daftari la maandalio. Andalio la mwisho lilikuwa la Ijumaa, na katika somo la Sayansi lilikuwa bado kwenye muundo wa zamani, wenye hatua ya “maarifa mapya”, badala ya muundo wa mtaala ulioboreshwa. Akaandika alichokiona. Ningekuwa yeye ningeandika hivyohivyo.

Kilichotokea kati ya ofisi na ofisi

Taarifa ya wathibiti ubora inakwenda kwenye mnyororo wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Afisa elimu wa halmashauri na afisa elimu kata wako kwenye mnyororo wa Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Nidhamu na upandaji daraja wa mwalimu ni mambo ya Tume ya Utumishi wa Walimu. PEPMIS ni ya Ofisi ya Rais inayoshughulikia menejimenti ya utumishi wa umma. Mtaala ni wa Taasisi ya Elimu, na mtihani utakaompima mtoto na kumhukumu mwalimu ni wa Baraza la Mitihani. Wizara kadhaa kati ya hizi ziko jirani kabisa pale Mtumba, Mji wa Serikali jijini Dodoma, watumishi wake wanaweza kutembeleana kwa miguu. Lakini agizo la ofisi moja halimuulizi mwenzake leo ameagiza nini, na kila moja likishuka linapita mkoani, wilayani, katani, kila ngazi ikikata siku moja au mbili ili yenyewe isichelewe. Muda uliotolewa juu kama wiki mbili unafika kwa Mkuu ukiwa siku moja na nusu. Hilo la kukata siku ndilo chimbuko halisi la ujumbe wa saa tatu usiku, na ndilo ambalo halionekani kwenye barua yoyote.

Afisa elimu kata alipopata nakala ya taarifa, alikuwa hana la kufanya ila kuandika. Anasimamia shule zote za kata, naye alikuwa kwenye orodha yake ya rangi. Barua ilimtaka Madamu aeleze ndani ya siku tatu kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kutokuwepo kituo cha kazi na kutoandaa somo.

Rasimu ya kwanza ya majibu ya Madamu ilikuwa na mistari minne na ilianza na “naomba radhi”. Nilimwambia aifute. Kuomba radhi kwa kosa ambalo ulitumwa kulitenda ni kulimiliki, na barua hiyo ingekaa kwenye jalada lake hadi siku ya kupanda daraja. Tukaandika upya: tarehe, saa ya ujumbe, maelekezo aliyopewa na msimamizi wake, saa aliyoondoka na kurudi, na chapa ya ukurasa wa PEPMIS unaoonesha muda wa kuwasilisha. Kuhusu andalio, aliandika ukweli: la Jumanne alipanga kuliandika Jumatatu usiku, na Jumatatu usiku aliutumia kutafuta nywila yake iliyokuwa imefungwa. Kuhusu muundo wa zamani, aliandika kwamba mafunzo ya muundo mpya aliyapata kupitia mwenzake aliyehudhuria kwa niaba ya shule na kuwaletea maelezo kwenye kikao cha jumuiya ya kujifunza, na kwamba somo la Sayansi lilikuwa halijafikiwa.

Ilibaki ruhusa. Mkuu alikuwa ametoa ruhusa kwa mdomo, na siku mbili za mwanzo alikaa kimya. Sikumlaumu sana. Kukiri kwamba amewatoa walimu watatu kwa pamoja saa za vipindi kungemgeukia yeye, na aliyemwagiza hakuandika “watoeni walimu darasani”; aliandika tu kwamba ifikapo saa sita mchana iwe tayari. Siku ya tatu aliandika, tena kwa mkono wake, kwamba ruhusa aliitoa yeye. Naamini kitendo hicho ndicho kilichomwokoa Madamu. Shauri liliishia kwa onyo la mdomo kuhusu maandalio, na tuhuma ya utoro ikafutwa.

Gharama iliyobaki

Wengi waliosikia matokeo hayo waliona mambo yameisha salama. Kwangu sehemu nzito inaanzia hapo. Kuanzia wiki iliyofuata Madamu alianza kuitumia saa yake ya asubuhi kuandika maandalio, kwa muundo mpya, kwa masomo yote, na jedwali la juu lenye wavulana, wasichana na jumla ya waliosajiliwa na waliohudhuria likiwa limejazwa bila kosa. Kadi za silabi zilirudi kabatini. Hakukasirika wala hakugoma. Alikuwa na saa moja tu na akaihamishia kwenye kitu kinachokaguliwa. Muhula ule ulikwisha bila kikundi cha kusoma.

Mthibiti ubora aliyegundua kwamba watoto hawasomi, na mwalimu aliyekuwa akiwasomesha asubuhi, walikuwa na nia moja. Taarifa ya mmoja ikaiua kazi ya mwingine. Na PEPMIS ya robo ya tatu bado ilisomeka asilimia 100.

Nimesikia hoja kwamba walimu hawapendi mabadiliko. Madamu ameajiriwa tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Amepitia ule mtaala wa KKK wa madarasa ya mwanzo wa 2015, amepitia mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, amepokea wimbi la watoto wa elimu bila ada lililoanza Januari 2016, amehudhuria mafunzo ya miradi kadhaa iliyopita Dodoma, na kila mmoja aliutekeleza. Mtaala wa sasa anausifia kuliko yote iliyotangulia, kwa sababu unamtaka mtoto afanye kitu, sio akariri. Anachokataa ni kuambiwa ajaze taarifa zilezile mahali patatu. Mahudhurio yake tayari yapo kwenye mfumo wa taarifa za shule. Matokeo ya wanafunzi wake yapo. Tunaambiwa kila siku kwamba mifumo ya Serikali lazima isomane. Basi mfumo wa kupima utendaji na uusome huo wa shule, na mwalimu abakiwe na maelezo machache ambayo mashine haiwezi kuyajua.

Kuhusu bando na mhasibu, fedha za ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 6,000 ndizo zinazofika shuleni, yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Humo ndimo mna chaki, mitihani, ukarabati na michezo. Kumwambia Mkuu akate humo gharama za intaneti ya walimu wote ni kumpa jibu lisilokuwepo. Karani mmoja kwa kata, mwenye kompyuta na mtandao, akizunguka shule kwa ratiba, angerudisha saa nyingi za kufundisha kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Lakini lililo jepesi zaidi halihitaji fedha. Afisa elimu kata ndiye mtu wa mwisho anayeyaona maagizo yote kabla hayajafika darasani. Apewe mamlaka ya maandishi ya kulirudisha au kulisogeza agizo lolote linalomtoa mwalimu darasani saa za vipindi, na apimwe kwa vipindi vilivyofundishwa katika kata yake kabla ya kupimwa kwa asilimia za kujaza. Katika kata hii jambo hilo lilifanyika kienyeji. Baada ya barua, Mkuu na afisa elimu kata walikubaliana kwamba kujaza mifumo kutafanyika Ijumaa baada ya watoto kuondoka, walimu wakienda wawili wawili, kila mmoja akishika simu yake na nywila yake, na kwamba asiyeandikwa kwenye kitabu cha ruhusa haondoki. Robo iliyofuata shule ilichelewa na ikatokea tena kwenye orodha nyekundu. Safari hii afisa elimu kata aliandika kwenye kundi, mbele ya wote, kwamba ucheleweshaji ni wa kwake na sababu ni vipindi. Kikundi cha kusoma kilianza tena Julai, siku tatu kwa wiki badala ya tano.

Kwa mwalimu atakayepewa barua kama ile: jibu ndani ya muda, usiombe radhi kabla hujaeleza, andika saa na siku kwa mpangilio, ambatisha ujumbe uliokuita na ushahidi wa ulichokwenda kufanya, na umtaje aliyekuruhusu kwa cheo chake. Mpelekee pia nakala mwakilishi wa chama chenu mahali pa kazi. Ruhusa ya mdomo iombee sahihi siku hiyohiyo, na upige picha ukurasa wa kitabu cha ruhusa, maana kitabu chenyewe hubaki ofisini.